Karai Jeusi, Nyumba ya Heri: Wakantoni na Lugha ya Mkosi

Anayetaka kujua kiasi ambacho watu fulani wanauogopa mkosi asipoteze muda kuwasikiliza wakilalamika. Awafuate buchani na asikilize majina wanayoyatumia kuagiza nyama. Hili nililiona Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambao wafanyabiashara wengi wa Mwanjelwa wanaujua kwa nguo na vipuri wanavyovitoa huko, na ambako nilikaa nikiwa mwanafunzi kabla ya kurejea Mbeya na kufungua duka. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima ambaye lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikantoni, wala si Kimandarini tulichofundishwa darasani, na kwa kuwa mama huyo alikuwa na mazoea ya kuisimulia siku yake kwa sauti tangu anapochemsha maji ya chai, misemo yake iliniingia masikioni hata pale nilipokuwa sijaitafuta. Sehemu kubwa ya misemo hiyo ilihusu bahati mbaya, na baada ya muda nikatambua kwamba inakwenda kwa njia mbili zinazopingana: mkosi uliokwisha kutokea hutangazwa kwa kelele na kutiwa chumvi, ilhali mkosi ambao haujatokea hautajwi hata kwa neno linalofanana nao.

Kikantoni ni lugha ya mama ya watu wengi wa jimbo la Guangdong, na ndiyo inayotawala mitaani Hong Kong na Macau. Ni lugha ya toni: silabi moja huweza kutamkwa kwa toni sita, na kila toni ikaleta neno jingine kabisa. Wasomaji wanaosema Kihehe au Kibena wanajua toni ni nini bila kuelezwa, lakini sisi wa Rungwe, ambao Kinyakyusa chetu hakina toni, tunalazimika kujifunza upya namna ya kusikia. Hata hivyo, pamoja na toni hizo sita, maneno mengi ya Kikantoni bado hugongana kwa sauti, na mgongano huo ndio unaoendesha habari yote nitakayoieleza hapa. Misemo nimeiandika kwa herufi zetu na kuziacha alama za toni, kwa sababu asiyeijua lugha hazimsaidii na anayeijua hazihitaji.

Tuanze na kelele. Rangi ya mkosi katika Kikantoni ni nyeusi. Mtu anayeandamwa na bahati mbaya huitwa "hak zai", yaani mweusi mdogo. Siku ikimwendea kombo atasema "gam jat hou hak", leo ni nyeusi sana. Na mambo yakimgomea kila upande msemo wake ni "tau tau pung zoek hak", kwamba kila anakoanzia anakumbana na weusi. Nikiwa Mwafrika pekee katika nyumba ile, sitaficha kwamba mara ya kwanza maneno hayo yalinikaa vibaya. Mama mwenye nyumba alilitambua hilo kabla sijasema neno, akaangua kicheko, kisha akanieleza kwa Kimandarini cha kuungaunga kwamba weusi anaousema ni ule wa usiku usio na taa. Nilimwamini, kwa kuwa Kikantoni kina maneno mengine ya kumtukania mtu mweusi na sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, na kwa kuwa sisi wenyewe tunasema fulani ana moyo mweusi bila kuifikiria ngozi ya mtu yeyote.

Anayetaka kuzidisha husema yeye ni "hak gwo mak dau", mweusi kupita kidau cha wino cha seremala. Chombo chenyewe ni kijisanduku cha mbao ambacho ndani yake huwekwa pamba iliyoloweshwa wino. Uzi uliozungushwa kwenye kigurudumu kidogo hupita katikati ya pamba hiyo na kutokea upande wa pili ukiwa umelowa, fundi huichomeka ncha yake mwanzoni mwa ubao, huuvuta hadi mwisho, kisha huunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia, nao hupiga mstari mweusi ulionyooka. Waliowahi kuwatazama wapasuaji wa magogo kule Mufindi, pembezoni mwa misitu ya Sao Hill, wakipiga mstari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri zilizokwisha, wanakijua chombo hiki kwa jina jingine tu. Wanajua vilevile kwamba aliyeushika uzi ule huondoka na vidole ambavyo sabuni haivifanyi kitu, na naamini msemo wa Wakantoni umebeba yote mawili, giza la wino pamoja na ukaidi wake wa kutotoka mkononi.

Chumvi huongezwa zaidi kadiri mkosi unavyokuwa mdogo. Mtu akiandamwa, wanasema, hata maji anayokunywa humkwama katikati ya meno. Upo pia msemo wa zamani, unaotumiwa na Wachina wote, kwamba nyumba inayovuja ndiyo inayokutwa na mvua ya usiku, ingawa mkazi wa Tukuyu akiusikia atauliza mvua isiyonyesha usiku ni ipi. Nilipowaeleza wenzangu wa nyumba ile kwamba kwetu tunasema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, waliupenda sana, wakamwita jirani aje ausikie; nilipoongeza kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, walinyamaza kidogo. Nadhani nilielewa sababu. Methali zetu za mkosi humfikisha mtu mbali: nyani anakufa, maskini anabaki maskini. Misemo yao ya kila siku huuchukua mkosi na kuupunguza hadi ukawa kero ya kuchekwa, maji kwenye meno, na aliyeusema huendelea na shughuli zake.

Misemo mingine hutoka moja kwa moja jikoni. Taabu kubwa inayokuja ghafla huitwa "daai wok", karai kubwa, na mtu akilisema neno hilo akiwa ameshika simu, waliomzunguka huacha walichokuwa wakifanya. Anayelaumiwa kwa kosa la mwingine husemwa kuwa amelibeba karai jeusi mgongoni, "me hak wok", na karai hilo ni lile lililopikiwa miaka mingi hadi masizi yakaganda. Kwa maana hiyo hiyo husimulia pia kwamba mbwa mweusi ndiye aliyekula lakini mbwa mweupe ndiye aliyepata adhabu, msemo ambao kila aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi mwenye ndugu zake kazini ataufahamu mara moja. Naye aliyefukuzwa kazi husemwa kuwa amekaangiwa ngisi, "caau jau jyu". Sisi wa nyanda za juu ngisi hatumjui sana, hivyo inafaa nieleze: vipande vya ngisi vikiingia katika mafuta ya moto hujikunja na kuwa mviringo, na zamani wafanyakazi walilala kwa tajiri wao wakiwa na matandiko yao wenyewe, kwa hiyo aliyeachishwa kazi aliyakunja matandiko yake hayo akaondoka nayo. Tafsiri yake ninayoipenda ni kibarua kuota nyasi, kwa sababu misemo yote miwili inampa aliyeachishwa kazi jambo la kuchekea kabla hajafika nyumbani kumweleza mwenzi wake.

Kelele hizo zote, hata hivyo, ni za watu ambao hawana hofu tena. Hofu iko buchani.

Ini la nguruwe kwa kawaida lingeitwa kwa neno "gon", lakini "gon" kwa sauti ni sawa na ukavu, na mfuko mkavu ni mfuko usio na hela. Mkantoni hawezi kumwagiza muuza nyama ampimie nusu kilo ya ukata. Kwa hiyo ini huitwa "jeon", neno lenye sauti ya unyevu, na kwa muda mrefu sana watu wamelitumia hadi likapata herufi yake katika maandishi. Ulimi nao ungeitwa "sit", ila sauti hiyo ni sauti ya kula hasara, hivyo huitwa "lei", ambayo ni sauti ya faida. Damu iliyogandishwa huitwa nyekundu ya nguruwe ili neno la damu lisitajwe mezani. Ukivuka kutoka buchani kwenda kwenye meza za mboga mambo ni hayo hayo: dodoki, ambalo jina lake linakaribia kusikika kama kushindwa, limegeuzwa kuwa tunda la ushindi, na karela, ambayo kwa Wachina wengine ni tunda chungu, Wakantoni huiita tunda la ubaridi, kwa sababu uchungu ni kitu ambacho mtu hapaswi kukinunua kwa hiari yake. Mvua ikianza kunyesha ukiwa bado sokoni, utasikia mwavuli ukiitwa kifuniko, kwa kuwa jina lake la kawaida linasikika kama kutawanyika, na hakuna anayetaka familia yake itawanyike.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa nyumba. Neno la utupu ni "hung", na neno la shari na balaa pia ni "hung", toni ile ile, bila tofauti yoyote ya kusikika. Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji akiandika kwamba nyumba yake ni tupu atakuwa ameitangaza kuwa ya balaa, na kwa hiyo vibao vya kupangisha huandikwa "gat uk", nyumba ya heri. Nilipokuwa nikitafuta chumba nilipita mitaa iliyojaa nyumba za heri, nikidhani kwamba ni chapa ya kampuni moja yenye majengo mengi. Lakini lugha haidanganyiki kwa urahisi, na utupu uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia dirishani: kwa kuwa "gat" sasa imekuwa jina la kitu kitupu, mtu aliyehangaika siku nzima na kutoka mikono mitupu husemwa "dak go gat", amepata heri. Neno lililoletwa kuufunika mkosi limekuwa mojawapo ya majina yake, na Wakantoni wanaendelea kuyatumia matumizi yote mawili bila kuona tatizo lolote.

Vitabu vilinihusu mimi mwenyewe. "Syu" ni kitabu, na "syu" ni kushindwa au kupoteza katika mchezo. Kalenda ya kale inayoonyesha siku njema za kuoa, kuhamia nyumba na kufungua biashara, ambayo jina lake lingekuwa kitabu cha mambo yote, imepewa jina la ushindi katika mambo yote, "tung sing", kwa kuwa hakuna mwenye duka atakayetundika ukutani kitu kinachomwahidi kushindwa kila mahali. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ambazo mama mwenye nyumba aliwakaribisha marafiki zake kucheza mahjong, mchezo wa vigae unaochezwa kwa hela, nilitakiwa kupitisha begi langu la vitabu jikoni badala ya sebuleni. Hakunikasirikia wala hakunieleza kwa maneno. Alisimama tu mlangoni akaelekeza kidole jikoni, na wale mama wengine watatu wakainamisha macho kwenye vigae vyao hadi nilipokwisha kupita. Kuhusu namba nne, inayokaribiana na kifo kwa sauti, imekwisha kuandikwa sana na sitaongeza jambo, ila tu kwamba aliyezoea kuhesabu ghorofa atachanganyikiwa katika majengo ambamo baada ya ya tatu inafuata ya tano.

Ningependa msomaji wa Mbeya asiyaone haya kuwa mambo ya kigeni. Katika desturi ya Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hakulitamka jina la baba mkwe wake, na hakuishia hapo: hata maneno ya kawaida yaliyofanana kwa sauti na jina hilo aliyaepuka na kuyatafutia mengine ya kuyabadili, ili asije akalitaja jina lile kwa kupitia neno la jikoni. Sababu yake ni heshima, ilhali ya Wakantoni ni bahati, lakini kanuni ya sikio ni moja, kwamba neno linalofanana na lile lisilosemeka nalo pia halisemeki. Na wengi wetu tulilelewa na bibi zetu kwa kukatazwa kumtaja nyoka usiku, tukaambiwa tuseme kamba, na tulitumwa dukani jioni tukarudi bila sindano kwa sababu mwenye duka hakuwa tayari kuiuza baada ya jua kuzama. Mfanyabiashara mwenzangu anayewacheka Wachina kwa ajili ya ini lenye unyevu ndiye huyo huyo asiyekubali kukopesha mteja wa kwanza wa asubuhi, akihofia gundu litakalomkalia siku nzima.

Baina ya kelele na ukimya kuna misemo ya kuziba nafasi, inayotumiwa pale ambapo neno baya limekwisha kuponyoka. Mtoto akisema mezani kwamba babu anaweza kuanguka, bibi hujibu papo hapo "daai gat lei si", maneno ya heri kuu yanayonuiwa kulifuta lililosemwa, na huenda akamwamuru aseme tena baada ya kutema mate, "tou hau seoi gong gwo". Hili halikunipa taabu kulielewa. Mtanzania akisikia mtu anatamka ajali kabla ya safari, hasa safari inayopita mteremko wa Mlima Nyoka au ule wa Iwambi ambako malori yameua watu wengi, humkatiza kwa neno moja, ashindwe, na wote waliomo ndani ya gari huitikia kimoyomoyo. Tofauti ni kwamba sisi tunamkemea shetani ambaye tunamdhani amesikia, na wao wanalirekebisha neno lenyewe. Kutema mate kunafanya kazi ya kufuta, na ukisema tena sawasawa, usemi wa kwanza unahesabiwa kuwa haukuwahi kuwapo.

Chombo kikivunjika mwaka mpya, siku ambazo kila jambo linachukuliwa kuwa dalili ya mwaka mzima, husemwa haraka "lok dei hoi faa, fu gwai wing waa", kwamba kimeanguka chini na kuchanua maua, utajiri na fahari. Mvua ikikulowesha siku ya arusi au ya kufungua duka, watakukumbusha kwamba maji ni mali. Na nilipoibiwa simu katika basi lililojaa, ikiwa na picha zote za nyumbani, mama mwenye nyumba alinipa msemo ambao nimeuhifadhi kuliko mingine: "po coi dong zoi", upotevu wa mali umezuia balaa. Nilimwona wakati ule kama mtu anayejaribu kunifariji kwa bei rahisi. Sasa nadhani una hesabu nzuri ndani yake, kwa sababu haumwambii aliyeibiwa kwamba hasara yake ni ndogo, bali unamwambia kwamba hasara hiyo imenunua kitu, na kwamba kitu hicho ni kile ambacho hakikutokea. Kwetu tungesema mali itatafutwa, muhimu ni uzima, na hayo ni maneno mema. Ila yanamwachia mtu hasara yake yote mikononi.

Hadi hapa nimewasifu, na ninakusudia sasa kupunguza sifa hizo. Ipo misemo ya Kikantoni inayoukabidhi mkosi kwa mtu, na hiyo siipendi. Mtu anayedhaniwa kuleta balaa popote anapoingia huitwa "sou baa sing", nyota ya ufagio, jina linalotokana na nyota yenye mkia (kometi) ambayo watu wa kale waliitazama kama dalili ya maafa. Aliyetabiri baya likatokea huitwa mdomo wa kunguru, naye kosa lake ni kuwa sahihi. Kuna pia habari ya mguu, "goek tau": mkwe anapoletwa, mtoto anapozaliwa au hata paka anapojipeleka kwenye nyumba, yanayofuata huhesabiwa kwa mguu wake, na kama biashara imekua husemwa mguu wake ni mzuri. Maneno haya hayahitaji mkalimani Mbeya, maana sisi pia tunasema fulani ana mguu wa heri na fulani ana nuksi, na kila mtu anajua kwamba usemi huo ukielekezwa kwa mke aliyeolewa mwaka ambao baba mkwe amefariki, au kwa mtoto aliyezaliwa msimu ambao mpunga haukutoka kule Mbarali, hauishii katika maneno. Nyuma ya nuksi husimama tuhuma, na nyuma ya tuhuma husimama watu wenye hasira. Hapo ule weusi usio na mwenyewe, unaompata mtu kwa zamu na kumwachia, naona una ustaarabu zaidi. Anayesema leo ni nyeusi sana hajamtuhumu jirani.

Bahati mbaya ya umma nayo ina lugha yake. Katika eneo la Sha Tin, Hong Kong, kuna hekalu la Che Kung, jenerali wa zama za nasaba ya Song anayeheshimiwa kwa kuzuia tauni, na kila mwaka mpya wa Kichina huchotwa hapo kijiti chenye namba kwa niaba ya Hong Kong nzima, kisha shairi la namba hiyo husomwa na kufasiriwa. Mwaka 2003 aliyechota alikuwa Patrick Ho, aliyekuwa na dhamana ya mambo ya ndani katika serikali ya Hong Kong, na kijiti kilichotoka kilikuwa namba 83, mojawapo ya zile mbaya kabisa. Majuma machache baadaye ugonjwa wa SARS ukauingia mji huo na kuua watu 299. Watu wenye akili timamu wanajua kwamba kijiti hakileti kirusi, na wengi wao ndio hao hao ambao bado wanaikumbuka namba 83 bila kuulizwa. Maofisa wa serikali wakaacha kuchota, na kazi hiyo ikabaki kwa mwenyekiti wa Heung Yee Kuk, baraza la wenyeji wa vijiji, jambo ambalo naliona kuwa la busara ya kisiasa kuliko ya kidini: serikali ina lawama za kutosha bila kujiongezea za kijiti. Nje ya hekalu huuzwa vijifeni vya karatasi vinavyozungushwa na upepo, na anayekizungusha cha kwake huwa anaigeuza bahati yake.

Kwa wale ambao mkosi wao wanadhani umesababishwa na mtu, Hong Kong imeweka utaratibu ambao ningeutamani uwe ndio mwisho wa tuhuma zote za aina hiyo hapa kwetu. Unaitwa "daa siu jan", kumpiga mtu mdogo, yaani mtu duni wa tabia, msengenyaji au mfitini. Chini ya daraja la barabara ya Canal Road, katika eneo la Causeway Bay, wamekaa mabibi wenye vigoda vifupi, ubani na sanamu za karatasi, na siku yao kubwa ni ile inayoangukia tarehe 5 au 6 Machi, ambayo kalenda ya Kichina huihesabu kuwa siku ambayo wadudu hushtuliwa usingizini. Mteja hulipa, huweza kulitaja jina la mbaya wake au kutolitaja, na bibi huiweka karatasi juu ya tofali na kuitwanga kwa kiatu kikuukuu hadi ikawa vipande vipande, akiimba kwa vina: "Nakupiga kichwa, uwe na pumzi usipate pa kupumulia, nakupiga miguu, uwe na viatu usijue kuvivaa." Karatasi huchomwa, mteja huondoka, na mtu anayelengwa huenda yuko ofisini kwake akinywa chai bila habari.

Nilimsimulia habari hii jirani yangu wa kibanda pale Mwanjelwa, dada ambaye kwa kawaida hana subira na hadithi zangu za China. Safari hii aliziacha bidhaa zake, akasogea, akaniomba niuandike wimbo wote kwa Kiswahili katika karatasi ya risiti, na akasisitiza nisiuache ule mstari wa viatu, kwa kuwa mtu aliyemkusudia anauza viatu vya mitumba.